Zote Zinaitwa Tisa

Kesho saa nne brigadia Scalvini atakuja kuzichukua,
na fomu yake inataka aina na idadi.
Kwa hiyo usiku huu, jikoni, huku bondeni Trompia,
nimetandaza gazeti juu ya meza ya mama
nikamwaga droo ya Faustino, baba yangu,
fundi wa mitutu miaka arobaini na mmoja:
vumbi, nusu penseli, kifungo cha koti,
na risasi za bastola, mia na ushei, bila pakiti.

Kalipa ni yake. Bado inanuka mafuta.

Naanza na hii, ganda milimita kumi na saba.
Sisi huiita Tisa Fupi.
Mjerumani naye Fupi, kwa ulimi wake.
Mmarekani, mtu wa inchi, akaiita Mia Tatu Themanini,
kana kwamba ilinenepa njiani ikivuka Atlantiki.
Majina matatu, mwili mmoja,
kama mtu aliyeoa mara tatu bila kubadili shati.

Hii nyingine nilidhani pacha wake.
Kumi na nane. Ya Kirusi.
Nakibana kichwa: si tisa, ni tisa na robo, na chembe.
Robo ya milimita, nywele tatu zikilazwa pamoja,
lakini mtutu hausikilizi udhuru wa nywele.
Tisa yake ni ya heshima tu,
kama mzee wa jirani tunayemwita mjomba.

Thelathini na Nane ya rivolva
ilipewa jina enzi kichwa kilipokuwa kipana sawa na ganda.
Kichwa kikapunguzwa. Jina halikupunguzwa,
linaipwaya hadi leo, suti ya marehemu kwa mrithi mwembamba.

Halafu Ishirini na Moja, mtoto wa sheria.
Dola ilisema Kumi na Tisa ni ya jeshi, raia asiiguse;
mafundi wakarefusha ganda milimita mbili,
wakazamisha kichwa ndani zaidi,
hata ukizisimamisha pamoja zinalingana utosi.
Baba alicheka kila alipoisimulia.
"Milimita mbili," alisema, "ndio upana wa kosa la jinai."

Ningekuwa nimemaliza.
Zimebaki mbili.

Ganda kumi na tisa, ganda kumi na tisa.
Kichwa tisa, kichwa tisa.
Maandishi ya kitakoni yamesagika.
Moja, nadhani, ni Parabelum. Nyingine ni Glisenti,
ya bastola ya kale iliyoundwa hapa kwetu Brescia,
baruti yake haba, maana bastola ile
ilikuwa dhaifu ubavu wa kushoto.
Parabelum huingia humo bila hodi.
Ami yangu Bortolo aliiingiza, Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa hamsini na moja,
akilenga chupa ukingoni mwa Mella.
Vidole viwili. Tangu hapo
alihesabu karata zake mezani polepole sana.

Kabla yangu alikuwepo Ersilia.
Miezi minne, homa ya mapafu, Februari.
Nilipozaliwa wakanipa jina lake, shuka zake,
kikombe cha fedha kilichokwisha kuchongwa herufi.
Kila kitu kilinienea.
Mama hakuniita kamwe bila kusita mwanzoni,
pumzi moja tu,
kama mtu aliyeshika risasi mbili gizani
akikisia kwa uzito.

Nazijaribu kwenye mizani yake ya hamira.
Sindano inatikisika, inarudi. Ni mizani ya mikate, haijui haya.
Basi naandika: Tisa, aina sijui, mbili,
na nazitenga, moja huku, moja kule,
kila moja ndani ya kikombe cha kahawa.

Chini kabisa pana nafasi ya jina.
Ersilia, naandika,
kisha naongeza mwaka wa kuzaliwa,
ingawa fomu haikuuliza.